Tuonyesheni shimo kwanza: barua ya wazi kuhusu maduka na ofisi kando ya majengo ya kale ya Kisumu

Kwa Gavana wa Kaunti ya Kisumu, Bodi ya Jiji, maafisa wa idara ya mipango ya ardhi, NEMA (mamlaka ya kitaifa ya mazingira) na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya

Waheshimiwa,

Ombi la kujenga jumba la maduka chini na ofisi juu likiletwa mjini, kinachobandikwa ukutani kwanza ni picha. Vioo vya samawati, miti iliyokomaa tangu siku ya kwanza, watu wenye mifuko ya manunuzi, na anga isiyo na wingu hata moja, ingawa hapa Kisumu saa tisa alasiri wingu huwa limeshajikusanya upande wa milima ya Nandi. Wananchi huitazama picha hiyo, wakabishana kuhusu idadi ya orofa na rangi ya paa, kisha wakanywa soda wakaenda zao. Shimo la msingi halitajwi. Na jengo la kale lililo ng'ambo ya ua, likija kupasuka, litapasuliwa na shimo.

Barua hii haimhusu mwekezaji yeyote wala haina namba ya ploti. Tunazungumzia kiwanja chochote kitakachopakana na mnara wa saa wa Oginga Odinga Street, Msikiti wa Jamia, stesheni ya reli au maduka ya mawe ya mji wa zamani. Biashara hatuipingi. Reli ilifika ufukweni hapa tarehe 20 Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence, na maduka yakafuata reli. Mnara wenyewe ulijengwa na wana wa mfanyabiashara, Kassim Lakha, kwa kumbukumbu ya baba yao, ukazinduliwa na Gavana Brooke-Popham tarehe 19 Agosti 1938. Duka kando yake si ugeni. Tunachoomba ni masharti yaandikwe ndani ya kibali kabla tingatinga halijashushwa kwenye lori, kwa sababu likishaanza kuchimba hakuna atakayeyasoma.

Anzeni na karatasi moja. Katika rundo la ramani zinazoletwa kaunti, daini mchoro wa mkato, yaani unaochorwa kana kwamba ardhi imekatwa wima, unaoonyesha vitu viwili kwa pamoja, kwa skeli ya 1:50: msingi wa jengo la kale, na shimo la jengo jipya. Mara nyingi mchoro huo haupo. Jirani huchorwa kwa mstari wa nukta pembeni mwa karatasi, bila msingi, kama kitu kinachoelea. Haupo kwa sababu hakuna aliyekwenda kuutazama msingi huo, na kuutazama si kazi kubwa. Ni mashimo mawili au matatu ya majaribio, mita moja kwa moja, yanayochimbwa kwa mkono mpaka jiwe la chini kabisa lionekane. Kina na upana hupimwa, kipande cha chokaa cha kati ya mawe huchukuliwa, na shimo hufukiwa siku hiyo hiyo likishindiliwa tabaka kwa tabaka. Vibarua wanne, mhandisi mmoja na mtu wa Makavazi wa kusimamia wanaimaliza kwa siku mbili. Bila kipimo hicho, kila hesabu inayofuata ni ya kubahatisha.

Tufanye hesabu basi. Orofa mbili za maegesho chini ya ardhi, kila moja mita 3.3, ni mita 6.6. Ongeza bamba la zege la msingi la sentimita 80 na zege nyembamba ya kusawazishia ya sentimita 10, mmefika mita 7.5. Msingi wa mawe wa jengo dogo la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kwa kawaida haufiki hata mita moja na nusu. Kutoka ukingo wake wa chini, choreni mstari unaoshuka kwa nyuzi 45 kuelekea kiwanjani. Shimo likiukata mstari huo, limekula udongo unaolibeba jengo. Na hata lisipoukata, ardhi laini hulegea na kushuka hadi umbali wa mara mbili au tatu ya kina cha shimo. Kwa shimo letu hiyo ni mita 15 hadi 22. Kwa hiyo mwekezaji akisema ameacha mita sita kutoka mpakani, amejibu swali la njia ya gari la zimamoto. Swali la udongo bado.

Udongo wetu nao una tabia zake. Sehemu kubwa ya tambarare ya Kano na pembezoni mwa mji ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Kila fundi wa hapa anaujua. Ndiyo maana hata nyumba ya vyumba viwili huchimbiwa msingi mpaka mweusi uishe. Jengo la kale lililosimama juu ya udongo wa namna hii limeshazoeana na unyevu wake kwa miaka themanini au zaidi. Shimo jipya huvunja mazoea hayo. Pampu inavuta maji mchana na usiku, udongo ulio chini ya jirani unakauka na kujikunja, na kona iliyo karibu na shimo inaanza kushuka kabla ya kona nyingine. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, ila hapa ufa huanzia chini, mahali ambapo hakuna wa kuuziba.

Ripoti ya udongo isipokelewe kwa kuwa tu ina jalada na muhuri. Someni vitu vitatu ndani yake. Kwanza, mashimo ya kuchukulia sampuli yalikuwa wapi; yote yakiwa katikati ya kiwanja, hakuna lililo upande wa jengo la kale, ripoti hiyo haijajibu kitu. Pili, yalikwenda chini kiasi gani. Kwa shimo la mita 7.5, sampuli zilizoishia mita 6 ni kichekesho, na hata mita 10 hazitoshi, tunahitaji angalau mara mbili ya kina kitakachochimbwa au mpaka mwamba usio na shaka. Tatu, tarehe. Maji ya ardhini yaliyopimwa Februari si maji ya Mei. Bomba la kupimia maji libaki ardhini msimu mzima wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, na lisomwe kila wiki. Jirani na ziwa hata msimu mmoja unaweza kudanganya: Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi iliyodumu tangu 1964, na waliokuwa na vyumba vya chini karibu na ufuko walijua maji yanapita wapi. Ukuta wa chini ya ardhi uliosanifiwa kwa kiwango cha maji cha mwaka wa kiangazi utavuja, na ukivuja, pampu haitazimwa hata baada ya jengo kufunguliwa.

Kuhusu pampu, kuna kipimo ambacho hakihitaji maabara. Chukueni chupa ya lita moja isiyo na rangi, ikingeni kwenye mdomo wa bomba linalotoa maji shimoni, mwiache mezani usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi itazameni kitako chake. Maji yakiwa safi na kitako kitupu, pampu inavuta maji peke yake. Mkiona tope laini au mchanga umekaa kama unga wa wimbi, pampu inavuta ardhi, na ardhi hiyo inatoka chini ya mtu fulani. Siku ya kwanza ya kuendesha pampu ni kawaida kuona tope kidogo. Siku ya nne likiwepo bado, kichujio cha kisima kimekosewa au hakipo, na kazi isimame. Tunaomba chupa hiyo iwe sharti: moja kila Jumatatu na Alhamisi, yenye tarehe na saa, ikiwekwa kwenye rafu ofisini mwa mjenzi ambako mkaguzi yeyote anaweza kuingia na kuitazama. Haigharimu shilingi mia.

Ukuta wa kuzuia udongo ndio mahali ambapo pesa hukwepwa. Nguzo za zege zilizochimbiwa safu moja, zikiachiana nafasi ya sentimita kumi au kumi na tano, ni nafuu, na kwenye udongo mkavu ulioshikamana zinatosha. Chini ya kiwango cha maji, kwenye mchanga au changarawe, zile nafasi ni milango: maji yanapita na mchanga unafuata, na nyuma ya ukuta kunabaki pango ambalo halionekani mpaka lami ya barabara ibonyee. Kando ya jengo la kale lililo karibu na ziwa, kibali kitaje nguzo zinazokatana, moja ikiingia ndani ya nyingine, au ukuta mwingine usiopitisha maji. Na nguzo zichimbwe, zisipigwe kwa nyundo. Kipimo cha Kijerumani kinachotumiwa sana kwa majengo dhaifu ya kihistoria, DIN 4150-3, kinaweka mpaka wa kasi ya mtetemo wa milimita 3 kwa sekunde kwenye msingi kwa mitetemo ya chini ya herzi 10, yaani mara kumi kwa sekunde. Nyundo ya kupigia nguzo ikiwa mita chache tu kutoka ukutani huupita mpaka huo bila jasho. Hata rola ya kushindilia kifusi ifanye kazi kwa uzito wake tu, mtetemo ukiwa umezimwa, ikikaribia jengo.

Halafu mpangilio wa kuchimba. Michoro husema: chimba mita mbili na nusu, weka mihimili ya kuegemeza, kaza, ndipo ushuke tena. Kinachotokea ni kwamba mihimili imechelewa, tingatinga limekodiwa kwa siku, na mwenye tingatinga hataki kukaa bure, basi linashuka mita nne. Ukuta unapinda kwa siku tatu hizo, na kupinda huko hakurudi mihimili ikishafika. Mkaguzi wa kaunti hahitaji darubini kuliona hili. Ateremke na futi kamba, apime kutoka mhimili wa mwisho hadi chini. Ikizidi kilichoandikwa kwenye mchoro, asimamishe kazi hapo hapo.

Sasa upimaji wa jengo la kale lenyewe, ambao kwa maoni yetu ndio unaofanywa vibaya kuliko yote.

Kabla ya kazi kuanza, kila ufa uliopo upewe namba, upigwe picha ukiwa na rula kando yake, na upana wake uandikwe. Hili linamlinda mwekezaji vilevile, maana majengo ya kale yana nyufa zake na si haki kumbebesha za 1950. Kwenye nyufa kubwa gundisheni vipimo vya plastiki vyenye mistari ya milimita, pande mbili za ufa. Mwinamo wa mnara upimwe kwa timazi au kwa mashine ya mpima ardhi, pande mbili zinazokutana. Kisha pointi za chuma za kupimia kushuka ziwekwe kwenye kona zote, si ile ya mbele peke yake.

Makosa ni mawili na yanajirudia. La kwanza ni alama ya marejeo kuwekwa karibu. Mpimaji anachukua ukingo wa barabara ulio mita kumi kutoka shimoni kama kitu kisichosogea. Ukingo unashuka pamoja na jengo, na daftari linaandika sufuri wiki hadi wiki huku plasta ikidondoka. Alama iwe angalau mita 50 kutoka shimoni, na ziwe mbili, ili moja iikague nyingine. La pili ni saa ya kusoma. Jiwe linalopigwa na jua la Kisumu hutanuka, na ufa uliosomwa saa moja asubuhi si ule uliosomwa saa nane mchana. Usomeni saa ile ile, asubuhi, kabla jua halijagusa ukuta.

Soma ufa nao ulivyo. Ukianzia kwenye pembe ya dirisha na kupanda kwa ngazi kupitia viungo vya mawe, mpana juu na mwembamba chini, kona ya upande wa shimo inaondoka. Ukiwa mwembamba kama unywele na wa wima katikati ya plasta, pengine ni plasta tu. Tunapendekeza mipaka miwili: jengo likishuka milimita 5 au ufa ukiongezeka milimita 1, vipimo viwe vya kila siku na mhandisi aeleze sababu kwa maandishi, likishuka milimita 10 au ufa ukiongezeka milimita 3, uchimbaji usimame na shimo lifukiwe sehemu hiyo mpaka sababu ipatikane. Na asiyefaa kuvisoma vipimo hivyo ni mjenzi mwenyewe. Mpimaji alipwe na mwekezaji lakini ateuliwe na jiji, na namba za kila wiki zibandikwe nje, kwenye mabati yanayozunguka kiwanja, pale ambapo leo hubandikwa picha ya vioo.

Tumebakiza jambo la shimo linalotuogopesha zaidi, nalo halina uhandisi mwingi. Pesa huisha. Mkopo unakwama, washirika wanagombana, kesi inaingia kortini, na shimo linabaki wazi. Mihimili ya muda na nanga zinazoshikilia ukuta husanifiwa kwa takriban miaka miwili. Baada ya hapo chuma kinakula kutu na hakuna anayekikagua. Pampu inazimwa kwa sababu bili ya umeme haikulipwa, maji yanajaa, watoto wanaoga humo, na udongo wa nyuma ya ukuta unaloa na kukauka, unaloa na kukauka. Jengo la kale hufa katika kipindi hiki, taratibu, bila kuwa na wa kumshtaki, kwa kuwa kampuni imeshafungwa.

Dawa yake ni dhamana ya benki inayowekwa kabla ya kibali kutolewa, ambayo kaunti ikiidai inalipwa bila kupitia kortini kwanza. Kiasi chake kinahesabika. Kiwanja cha mita 40 kwa 50 kikichimbwa mita 7.5 ni mita za ujazo 15,000. Zidisheni kwa bei ya siku ya kifusi kuletwa, kumwagwa na kushindiliwa. Ongezeni umeme na mafuta ya pampu kwa miezi 12, na mshahara wa mpimaji kwa muda huo huo. Dhamana irudishwe siku sakafu ya usawa wa barabara itakapomwagwa na kukomaa, kwa maana kuanzia hapo sakafu za jengo zenyewe ndizo zinazoegemeza kuta. Isirudishwe mapema kwa sababu mtu amepiga simu.

Shimo hilo hilo lina safari zake. Udongo ukichimbwa huumuka kwa robo hivi, kwa hiyo mita 15,000 zinakuwa karibu 19,000, na lori la kubeba mita 15 litafanya safari karibu 1,300. Kwa safari 30 kwa siku ni siku 43 za kazi, na kila safari ni lori kupita mara mbili, moja likiwa limejaa. Njia yao isikune kuta za mnara wala isipite kwenye lango la msikiti saa ya swala ya Ijumaa. Iandikwe kwenye kibali kwa majina ya barabara, pamoja na mahali udongo utakapomwagwa. Udongo mweusi ukiachwa bila anwani utaishia kwenye kinamasi cha mtu Nyalenda au Dunga, na mafuriko ya mwaka ujao tutayaita mapenzi ya Mungu.

Jengo likishasimama, adui ni mvua. Ploti ya mita za mraba 2,000 iliyofunikwa yote kwa paa na zege, ikipata mvua ya milimita 50 kwa saa moja, inatoa mita za ujazo 100. Hayo ni maboza kumi ya lita 10,000, ndani ya saa moja, kwenye mtaro uliojengwa kabla hakujawa na lami yote hii. Mtaro ukijaa, maji yanatafuta pahali pa chini, na majengo ya kale karibu kila mara yako chini kuliko barabara, maana barabara imewekwa lami juu ya lami kwa miongo. Sharti liwe tangi la chini ya ardhi la mita 100 za ujazo, tuseme mita 5 kwa 10 kwa 2, lenye tundu dogo la kutolea lita 4 hadi 5 kwa sekunde, ili mvua ya saa moja ichukue saa sita kutoka. Na tundu liwe na wavu unaofikika, kwa sababu karatasi moja ya mkate inatosha kuliziba. Majitaka hayahitaji maneno mengi: barua ya KIWASCO, kampuni ya maji na majitaka ya Kisumu, iseme bomba la mtaa lina kipenyo gani na linaweza kupokea kiasi gani, badala ya kusema tu kwamba hawana pingamizi.

Kuhusu sura ya jengo tuna mawili tu, ladha tunawaachia wenyewe. Hapa ni karibu kabisa na ikweta. Jua linapanda mashariki na kushuka magharibi likiwa chini machoni, kwa hiyo kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa, na za kaskazini na kusini hukingika kwa paa lililotokeza mita moja tu. Ukuta mzima wa kioo ukitazama magharibi ni oveni, na oveni inataka mashine za kupoza, ambazo zitafungwa nyuma, upande usiopangishwa, yaani upande wa jengo la kale. Hapo zitapuliza hewa moto na kudondosha maji ukutani kwake miaka yote. Mashine zote zipande juu ya paa. La pili ni baraza. Maduka ya zamani ya miji yetu yalimpa mpita njia kivuli cha veranda. Jumba jipya liendeleze veranda hiyo kwa upana wa mita 3 kwenye usawa wa barabara, na mizigo ishushwe ndani ya ploti, sio kando ya mnara huku tuk-tuk na boda zikijipenyeza. Wachuuzi waliokuwa hapo wahesabiwe kabla, na nafasi zao zichorwe kwenye ramani. Wasipochorwa watarudi vilevile, ila watarudi mlangoni mwa jengo la kale.

Wawekezaji hupenda kuahidi 'kukarabati' jirani yao kama zawadi. Zawadi hiyo ipokeleweni kwa masharti. Ukuta wa jiwe uliojengwa kwa chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka chini hutoka kwenye viungo. Fundi akija na saruji akaziba viungo na kupiga plasta ngumu, unyevu unakwama ndani, unapanda juu zaidi, na baada ya misimu michache uso wa jiwe unabanduka pamoja na plasta mpya. Kwa kuta za namna hiyo tumieni chokaa sehemu moja kwa mchanga msafi sehemu tatu, tabaka nyembamba, na magunia yaliyolowa yatundikwe juu yake wiki ya kwanza ili isikauke haraka. Chokaa haihitaji meli. Koru iko hapa hapa kaunti. Rangi ya plastiki nayo ni saruji ya aina nyingine, na bango la matangazo likifungwa kwa boliti mnarani ni mashimo ya kuingizia maji.

Mwisho ni taratibu, na hapa sheria imewapa vifaa vya kutosha. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo la kihistoria litangazwe kwenye gazeti rasmi la serikali pamoja na ardhi ya jirani inayohitajika kulitunza. Chapisheni basi orodha ya majengo ya Kisumu yaliyotangazwa na mpaka wa kila moja, ili mnunuzi wa ploti ajue kabla hajalipa. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zinataka mabango, matangazo magazetini na redioni, na angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika. Mikutano hiyo ifanyiwe karibu na kiwanja, na mchoro wa mkato ubandikwe ukubwa ule ule wa picha. Anayeomba nakala ya ripoti ya udongo ana haki ya kujibiwa ndani ya siku 21 chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Msimngoje aombe, iwekeni kwenye tovuti.

Na kuna saa inayohesabu kimyakimya. Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi yake ya 2019, mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa kuwa amepewa kibali, ilhali asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti. Faili iliyolala kwenye dawati siku 61 imejipitisha yenyewe. Kwa hiyo ombi lolote la kiwanja kinachopakana na jengo la kale, likifika bila ule mchoro wa 1:50 wenye misingi yote miwili, lirudishwe kwa barua siku ile ile lilipoletwa, sababu ikiwa imetajwa, kabla halijapigwa muhuri wa kupokelewa.

Wenu,

Sisi wahandisi, wapima ardhi, wasanifu na mafundi wa mawe wa Kisumu